INJINI MBILI KWA PAUNDI HAMSINI

Wako watu duniani, ndugu msomaji, ambao hufunga safari ya siku nzima, wakapanda hiki na kushuka kile, wakanyeshewa na mvua, si kwa ajili ya biashara wala mgonjwa wala harusi, bali kwa ajili ya kusimama kando ya reli na kulitazama gari moshi kuukuu likipita. Likisha kupita huandika namba yake katika kidaftari, hufuta maji usoni, wakangoja lirudi. Ukiwauliza wamepata faida gani, watakutazama kama vile mzee wa bandarini atakavyokutazama ukimwuliza kwa nini hukaa jioni nzima akiangalia majahazi yakiingia.

Asiyewajua watu hawa aweza kusema ni wazimu wa walioshiba. Lakini leo nataka kuwasimulia wasomaji wangu kisa cha injini mbili ndogo za nchi ya Wales, zilizonunuliwa kwa bei ya chuma chakavu, na kisa cha watu waliozinunua. Ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi watu wa mwambao. Jambo lenyewe ni hili: kitu cha kale hakiokolewi na sifa, wala hakiokolewi na majonzi. Huokolewa na mtu anayejua kukitia mafuta, tena aliyemfundisha mwenziwe kabla hajaitwa na Mola wake.

BONDE LA VIGAE

Wales ni nchi ya milima na mvua, upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza. Wenyeji wake wana lugha yao, wala si Kiingereza, na wameishikilia mpaka leo kwa meno na kucha. Katika milima ya kaskazini mna jiwe la rangi ya kijivu iliyokolea, ambalo fundi akilipiga kwa patasi na nyundo hupasuka likawa mabamba membamba yaliyonyooka. Mabamba hayo ndiyo vigae walivyoezekea nyumba zao Waingereza wakati miji yao ilipotanuka katika karne ya 19. Ndilo jiwe lililotengenezewa sleti za kuandikia skuli. Sisi wa chuoni tulikuwa na ubao wa mti na wino wa masizi; wenzetu wa skuli walikuwa na sleti.

Jiwe ni zito, na machimbo yako juu milimani. Mwaka 1859 ikajengwa reli katika bonde la Corris ili kuteremsha vigae hadi karibu na mji wa Machynlleth. Ilikuwa reli nyembamba mno: kati ya chuma na chuma palikuwa na inchi 27 tu, na mabehewa yakivutwa na farasi. Mwaka 1878 zikaletwa injini tatu za moshi kutoka kiwanda cha Hughes mjini Loughborough, zikaitwa namba 1, namba 2 na namba 3. Mwaka 1883 abiria nao wakaanza kuchukuliwa. Mwaka 1921 ikaongezwa namba 4, iliyoundwa na kiwanda cha Kerr Stuart mjini Stoke. Zilikuwa injini ndogo, tangi la maji limekaa mgongoni kama matandiko juu ya punda.

Upande wa pili wa mlima kulikuwa na reli nyingine, jirani yake, iitwayo Talyllyn. Hiyo ilifunguliwa mwaka 1865 kuteremsha vigae vya machimbo ya Bryn Eglwys, kutoka kijiji cha Abergynolwyn hadi Tywyn, mji ulio ufuoni mwa bahari, masafa ya maili saba hivi. Waliotoa fedha walikuwa matajiri wa viwanda vya pamba wa Manchester. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimewakatia pamba yao, ile iliyolimwa kwa jasho la watumwa, nao wakatafuta mahali pengine pa kuweka mali. Hili nalitaja kwa kusudi, maana kitu cha kale kikisimuliwa kisimuliwe chote, kizuri chake na kibaya chake.

Sasa mazingatio ni haya. Reli ya Talyllyn nayo ilikuwa ya inchi 27. Upana huo ulikuwa nadra sana hata huko kwao, nazo reli hizi mbili hazikuwahi kugusana. Kila moja ilikuwa na bonde lake na mambo yake. Hakuna aliyejua kwamba iko siku upana ule mmoja ungekuwa sababu ya uhai.

BARAZA LA WACHIMBAJI

Kabla sijafika kwenye kufa kwa reli hizi, niwaeleze kidogo wale waliozifanyia kazi, kwani mimi ni mtu wa mashairi na jambo hili lilinigusa.

Wachimbaji wa vigae walikuwa na kijumba chao cha kulia chakula cha mchana, wakikiita "caban". Humo hawakula tu. Walikuwa na mwenyekiti, wakijadiliana mambo ya dini na siasa, wakiimba, na wakishindana kwa mashairi. Kwa ufupi lilikuwa baraza, kama baraza zetu za Lamu na Mji wa Kale, tofauti ni kwamba wao walikuwa na vumbi la mawe mapafuni. Na ushairi wao wa jadi una sheria kali: herufi za nusu ya kwanza ya mshororo sharti ziitikiwe na herufi za nusu ya pili, na iko mizani ya kufuatwa. Kila mwaka hufanya tamasha kubwa liitwalo Eisteddfod, na mshairi aliyeshinda kwa utungo wa sheria hizo hukalishwa katika kiti cha heshima kilichoundwa kwa ajili yake. Mshairi wa pwani anayehesabu mizani kwa vidole akisikia habari hizi, atajua kwamba ana ndugu zake mbali.

Nisije nikafahamika kwamba nasifu maisha yale. Vumbi la jiwe lile liliua watu kwa kikohozi, miamba iliwaangukia, na ujira ulikuwa mdogo. Katika machimbo makubwa ya Penrhyn wachimbaji waligombana na tajiri wao miaka mitatu, tangu 1900 hadi 1903, na vijiji vikagawanyika ndugu kwa ndugu. Mtu apendaye injini za machimbo bila kujua haya, amependa ganda na kuacha kiini.

RELI ZAFA

Vigae vya mawe vilipoanza kushindwa na vigae vya bei rahisi, reli hizi zikadhoofika. Mwaka 1930 reli ya Corris ikaingia mikononi mwa kampuni kubwa ya Great Western, na kampuni hiyo ilikuwa na mabasi. Mwanzoni mwa mwaka 1931 abiria wakasimamishwa. Injini namba 1 na namba 2 zikavunjwavunjwa. Zilibaki mbili tu, namba 3 na namba 4, zikivuta mawe kwa uvivu.

Mwaka 1948 karibu reli zote za Uingereza zikawa mali ya serikali. Agosti mwaka huo mto Dyfi ulifurika ukala kingo karibu na daraja la reli, na wakubwa wakapata sababu waliyokuwa wakiingoja. Corris ikafungwa. Vyuma vikang'olewa. Zile injini mbili zikaachwa uwanjani Machynlleth, zimefunikwa turubai, zingoje mnunuzi wa chuma chakavu.

Kule ng'ambo ya mlima, Talyllyn ilikuwa hai kwa neno la mtu mmoja. Mwenyewe alikuwa Sir Henry Haydn Jones, mzee aliyepata kuwa mbunge, aliyeahidi kwamba maadamu yeye yu hai gari moshi litakwenda. Mwamba uliporomoka katika machimbo mwishoni mwa 1946 na machimbo yakafungwa, lakini mzee akaendelea kulipia gari lililobeba abiria wachache wakati wa kiangazi. Reli zilikuwa zimelika, mbao za chini zimeoza, na mahali pengine yasemekana ni mizizi ya majani tu iliyozuia vyuma visiachane. Julai 1950 mzee akafariki. Kila mtu akajua kwamba na reli nayo imefuatana naye.

WAGENI WALIOFIKA NA MAJEMBE

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye kisa. Tarehe 11 Oktoba 1950 watu wakakutana katika hoteli moja mjini Birmingham, ambako si Wales na ni mbali na bahari. Aliyekuwa mbele yao alikuwa mwandishi, Tom Rolt, mpenzi wa mashine za zamani. Wakakata shauri kwamba reli ya Talyllyn waichukue wao wenyewe, waiendeshe kwa kujitolea. Jambo hilo halikuwahi kufanywa popote ulimwenguni. Waliitwa wapumbavu. Watu wa ofisini, wahunzi, walimu na vijana wa shule watawezaje kuendesha reli? Lakini tarehe 14 Mei 1951 gari la kwanza likatoka Tywyn. Likavutwa na injini iitwayo Dolgoch, iliyoundwa mwaka 1866, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa ikiweza kutembea.

Injini moja ya umri wa miaka 85 si ya kutegemewa. Ikifa hiyo, yamekwisha. Ndipo mtu akakumbuka: si kuna injini mbili za inchi 27 chini ya turubai pale Machynlleth? Wakaenda kwa wakubwa wa reli ya serikali, na mwaka huohuo wa 1951 wakauziwa paundi 25 kila moja. Paundi hamsini kwa zote mbili! Injini ya mwaka 1878 na ya mwaka 1921 zikavuka kwenda kwa jirani ambaye hazijapata kumjua, na zikamkuta ana reli ya upana wao.

Lakini hayakuwa mteremko. Namba 3 ilipowekwa juu ya reli ikaanguka katikati ya vyuma. Magurudumu yake yalikuwa membamba, na reli za Talyllyn zilikuwa zimeachana kwa uzee. Kumbe kwa miaka mingi injini za pale zilikuwa zikisalimika kwa kuwa magurudumu yake ni mapana! Ikabidi watu washike majembe na kuitengeneza njia hatua kwa hatua, mbao mpya, misumari mipya, kwenye mvua ya Wales. Namba 4 ikapelekwa kiwanda cha Hunslet mjini Leeds, na mkuu wa kiwanda hicho, aliyekuwa mmoja wa wapenzi wa reli, akaifanyia matengenezo bila kudai malipo. Mwaka 1952 ikarudi, na tangu hapo ikabeba sehemu kubwa ya kazi. Namba 3 wakaiita Sir Haydn, kwa jina la yule mzee aliyetimiza ahadi yake. Namba 4 wakaiita Edward Thomas, kwa jina la meneja wa zamani wa reli ile. Hawakuziita kwa majina yao wenyewe waliozinunua. Hilo nalo ni adabu.

Miongoni mwa waliojitolea mwaka 1952 alikuwa kasisi mmoja, W. Awdry, ambaye siku moja akifanya kazi ya gadi alipuliza kipenga gari likaondoka likamwacha mama muuza vinywaji stesheni. Bwana huyo ndiye mtungaji wa vitabu vya watoto vya injini zenye nyuso na majina. Mwaka 1955 alitoa kitabu ambamo injini hizi mbili za Corris zimo, kwa majina ya Sir Handel na Peter Sam, na yule mama aliyeachwa naye yumo. Kwa hivyo hata watoto wetu wa Mombasa na Malindi wanaotazama katuni za gari moshi lenye uso, wamezijua jamaa za injini hizi bila ya kujua asili yake.

JINA LARUDI BONDENI

Corris yenyewe ilikaa kimya karibu miaka ishirini. Njia ikaota miti. Mwaka 1966 kikundi kidogo cha watu kikaunda chama cha kuihuisha. Hawakuwa na injini wala reli. Walianza na jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 1970 katika banda lililokuwa zizi la farasi wa reli. Mwaka 1981 wakalinunua banda la kale la injini pale Maespoeth. Wakalaza vyuma kidogo kidogo, wakigombana na barua za maofisa na sheria za usalama, mpaka mwaka 2002, miaka 71 baada ya abiria wa mwisho, wakachukua abiria tena kwa masafa ya robo tatu ya maili.

Na injini je? Zile mbili zilikuwa na kwao kwengine sasa, na Talyllyn haikuweza kuziachia. Basi watu wa Corris wakafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wakaunda mpya. Wakaifuata sura ya namba 4, kipande kwa kipande, kwa michango na kwa mikono, kazi ya miaka kumi hivi, na mwaka 2005 injini namba 7 ikaanza kuvuta mabehewa yao. Si mfano wa kuwekwa katika kioo. Huchemsha maji, hupiga mluzi na humchafua mtu shati.

Nao wale wazee wawili wamewahi kurudi bondeni kwa ziara. Nilipokuwa Uingereza kwa shughuli za uandishi nilipata kwenda Tywyn, kisha Corris, na hapo mzee mmoja mwenyeji alinieleza ilivyokuwa namba 3 iliporudi. Injini ilikuja juu ya lori, akasema, imefungwa minyororo kama ng'ombe wa machinjioni. Watu walijipanga ukutani na kamera zao na vidaftari vyao, wengine wametoka mbali sana, wala hakukuwa na kelele. Iliposhushwa juu ya reli na magurudumu yakakamata chuma, watu wakaanza kupumua. Yeye alikuwa mtoto mdogo ilipoondoka. Akaniambia kwamba hakulilia injini. Alimkumbuka babake, aliyekuwa mtu wa machimbo, na kikohozi chake. Aliposikia ule mluzi ndipo alipojua kwamba alikuwa akiukumbuka miaka yote hiyo bila ya kujua anaukumbuka.

Nikamwuliza kama hakuona ajabu kwamba reli ya jirani iliokolewa na wageni wa Birmingham na si na wenyeji. Akacheka. Akasema wenyeji walikuwa wakilitazama gari lile kila siku, na kitu unachokitazama kila siku hukioni.

Pale Tywyn nililipanda gari, likivutwa na namba 4. Dereva alikuwa mwalimu mstaafu, na mchochezi wa moto alikuwa kijana ambaye ndevu hazijamtoka sawasawa. Kila walipofika mahali penye mwinuko yule mzee alimwonyesha kijana kwa kidole, bila kusema neno, wapi pa kutupa makaa ndani ya tanuri. Kijana alitupa. Mzee akatikisa kichwa. Kijana akatupa tena, mzee akanyamaza. Hapo nikaona chuo, ndugu zangu. Nikamwona mwalimu na mwanafunzi na ubao wake, herufi kwa herufi, na fimbo haipo.

Julai 2021 Shirika la UNESCO liliiandika nchi ile ya vigae, pamoja na reli ya Talyllyn, katika orodha ya urithi wa dunia. Ni orodha ileile ulimo mji wetu wa Lamu tangu 2001 na Ngome ya Yesu tangu 2011. Lakini angalia mfuatano wake. Majembe yalianza mwaka 1951, hati ikaja baada ya miaka sabini.

NA SISI JE?

Ami yangu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mchochezi wa moto katika injini za Mombasa. Alizihudumia zile kubwa za daraja la 59, zilizovuta mizigo kutoka Kilindini kupanda bara. Ziliundwa 34 na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikiwa na uzito wa tani zaidi ya 250, na hazikuwako injini za moshi zenye nguvu kuzishinda katika reli za upana wa mita moja. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hazikula makaa bali mafuta mazito, na ami alikuwa akisema kwamba moto wa mafuta ni kama mke wa pili, ukiugeuzia kisogo umeharibika. Alijua kwa sauti peke yake kama maji yamepungua. Akirudi nyumbani alikoga mara mbili kabla ya kwenda msikitini, na bado watoto tulimjua kwa harufu.

Alistaafu, akapewa saa ya mkono. Ofisi aliyoitumikia haikumtuma hata karani mmoja kukaa naye na kuandika aliyoyajua. Akafa nayo. Na wenziwe wakafa nayo, Waswahili, Wakamba, Wajaluo na Wahindi, watoto na wajukuu wa wale walioijenga reli ile kati ya 1896 na 1901, ambamo vibarua kama 2,500 kutoka Bara Hindi walipoteza maisha.

Katika zile 34 zimebaki mbili, namba 5918 Mount Gelai na namba 5930 Mount Shengena, zote zimo katika makumbusho ya reli Nairobi. Mbili, kama za Corris! Na ile 5918 iliwahi kutengenezwa na kutiwa moto tena mwanzoni mwa karne hii, ikapiga mluzi kama zamani. Kwa hivyo yasiyowezekana yaliwezekana hata kwetu. Swali ni nani leo, katika mji huu wa Mombasa uliozaliwa upya kwa reli, anayeweza kusimama mbele ya mashine ile akamwambia kijana: hapa ndipo pa kufungua, na hapa ndipo pa kufunga. Mwaka 2017 reli mpya ilipoanza, magari ya abiria ya reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi yalikoma. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwani safari imekuwa ya saa chache badala ya usiku mzima. Kupenda cha kale si kuchukia kipya. Wale wa Wales nao huenda Tywyn kwa motokaa.

Tena mambo haya si ya reli peke yake. Mtepe, chombo chetu kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari, ulitoweka baharini katika karne iliyopita, na waliotaka kuuona tena iliwabidi waunde mpya kwa kuangalia mifano na maandishi. Leo bado wako mafundi wa majahazi Lamu na Matondoni wanaojua kwa jicho mti upi unafaa kwa taruma na upi kwa mkuku. Wapiga picha kutoka nje huja kuwapiga picha. Wao hulitazama jahazi kama wageni wa Birmingham walivyoitazama Talyllyn, nasi tunalipita kama wenyeji wa Tywyn walivyolipita gari lao.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nasema daftari nalo halitoshi, kwani injini haiwaki kwa daftari. Lakini daftari ni mwanzo, na halihitaji ruhusa ya wizara. Kila nyumba ina mzee aliyekuwa fundi wa kitu fulani: serahangi, mshona matanga, mchonga milango, mtu wa reli. Kijana wa skuli akae naye Ijumaa baada ya sala, amwulize, kisha amwombe amwonyeshe kwa mkono. Kuandika na kuonyeshwa vikienda pamoja ndipo kitu kinapona.

Nimejaribu kuyafunga haya katika ubeti mmoja, nanyi washairi wenzangu mtanisahihisha:

Chombo kikikosa fundi, hakikawii kuoza,
Halikiokoi kundi, lisimamalo kuwaza,
Fedha peke haziundi, wala hazitatengeza,
Mwenye kupenda hutunza, asotunza hakupenda.